MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE, LAKINI ASIIPASUE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo limezua ubishi chamani mwetu tangu muhula wa kwanza. Je, mwandishi akiwa miongoni mwa wasomaji, ana ruhusa ya kukitaja kitabu chake mwenyewe? Na kama anayo, akitaje vipi ili wenzake wasimwone kero?

Wako wanaosema kwa kujiamini kabisa, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwao, mwandishi akifungua tu mdomo kukitaja kitabu chake, basi kitabu hicho kina kasoro. Wako na wengine wanaojibu kwa sauti kubwa zaidi, "Biashara ni matangazo!" Hao wanaona kwamba mwenye kitabu akinyamaza atalala njaa, na vitabu vyake vitaliwa na mchwa chini ya kitanda. Mimi nimezisikiliza pande zote mbili, na kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya ukweli. Mwandishi akitaje kitabu chake, tena bila kuona haya. Lakini akitaje ikijulikana wazi kwamba ni chake, akitaje pale kinaposaidia mazungumzo, na kazi ya kukisifu awaachie wale waliokisoma.

Pengine utaniuliza, "Kwani hilo ni jambo la kuandikiwa makala? Si mtu aseme anachotaka, na asiyetaka kununua asinunue?" Subiri kidogo nikueleze.

Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Asubuhi tunakuja kwa miguu au kwa matatu, na jioni tunarudi nyumbani kule kule ambako pesa zinahesabiwa moja moja. Kitabu cha hadithi ambacho si cha mtihani, kikiuzwa shilingi 600, kwetu ni unga, ni mafuta ya kupikia, ni tokeni za stima. Nikimwendea mama nikamwambia nataka shilingi 600 za kitabu, lazima niwe na sababu ya maana. Na sababu yangu mara nyingi huwa moja tu: mwenzangu chamani alikisoma, akaniambia kinafaa. Neno la msomaji mwenzangu ndilo dhamana yangu mbele ya mama. Siku nitakayogundua kwamba aliyenisifia kitabu ndiye mwenye kukiuza, au ni rafiki yake aliyetumwa, sitamwamini tena. Na ubaya wa mambo ni kwamba hata yule mwingine aliyesema kweli sitamwamini.

Chama chetu hakina maktaba kubwa. Tuna kabati moja lenye mlango usiofunga vizuri, na tuna midomo ya wenzetu. Mali yetu ni kuaminiana. Atakayetuharibia mali hiyo ametuibia zaidi ya aliyebeba vitabu vya kabatini.

Hebu tutazame mfano wa sokoni. Muuza machungwa akikuambia, "Haya ni matamu kama asali, mteja wangu," humkasirikii hata kidogo. Unajua ni muuzaji, na hakuna muuzaji atakayesema machungwa yake ni machungu. Lakini mnunuzi mwenzako anayemung'unya chungwa kando yako akisema, "Dada, chukua haya, ni matamu kweli," mkono wako unaingia mfukoni. Sasa fikiria ukifika nyumbani ukaambiwa kwamba yule aliyekuwa akimung'unya ni kaka wa muuzaji! Machungwa yenyewe huenda ni matamu. Lakini wewe umechezewa.

Wenzangu wanaopanda matatu wanaijua hila nyingine. Unafika stejini, unaona gari limebaki nafasi mbili tu, unakimbilia kuingia ili usichelewe. Kumbe nusu ya abiria hao hawaendi popote! Wamelipwa waketi humo ili gari lionekane limejaa. Ukishalipa nauli, wanateremka mmoja mmoja, nawe unakaa hapo hadi jua linakuchoma mgongoni. Mwandishi anayejisifu kwa siri, au anayewapanga marafiki wakisifu kitabu chake kana kwamba hawajuani naye, anafanya hivyo hivyo. Anajaza gari kwa abiria wasiosafiri.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaotaka mwandishi awe bubu. Kujitaja si dhambi, tena kwetu si jambo geni. Washairi wa tendi za kale katika pwani yetu walizoea kujitaja katika beti za mwisho. Mtunzi angesema yeye ni nani na anatoka wapi, na pengine angeongeza tarehe aliyomaliza na idadi ya beti zake. Hata leo washairi wa magazetini hutia majina yao na lakabu zao chini ya tungo. Lakini tazama adabu yao wale wa kale. Kwanza walisema waliyokuwa nayo, kisha jina likaja mwishoni. Na wengi, badala ya kudai sifa, walimwomba msomaji asahihishe makosa atakayoyaona au awaombee dua. Huko ndiko kujitaja kwa heshima. Mtu anasema, "Kazi hii ni yangu, lawama zake ni zangu," halafu anampisha msomaji.

Kwa hivyo ubaya hauko katika kutaja. Ubaya uko katika kujificha na katika kuteka mazungumzo ya watu. Wacha nianze na kujificha.

Ujanja huu haukuanza jana, wala haukuanza kwetu. Mwaka 1855, huko Brooklyn, New York, mshairi Walt Whitman alitoa diwani yake iitwayo Leaves of Grass. Alikuwa hajulikani sana, na gharama za uchapishaji alizibeba yeye mwenyewe. Alifanya nini? Aliandika uhakiki wa kitabu chake mwenyewe, akaupeleka kwa wachapishaji wa magazeti na majarida, ukachapishwa bila jina la mwandishi. Humo alimmwagia sifa mshairi huyo mpya wa Marekani, yaani yeye! Isitoshe, mwandishi mashuhuri Ralph Waldo Emerson alikuwa amemwandikia barua ya faragha ya kumpongeza. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1856, maneno ya barua hiyo yalikuwa yamepigwa kwa rangi ya dhahabu kwenye uti wa kitabu, pamoja na jina la Emerson, bila mwenyewe kuombwa ruhusa.

Najua kuna mtu atanirukia hapa. "Mbona Whitman hakuharibikiwa? Si leo ni mshairi mkubwa anayesomwa dunia nzima?" Ni kweli. Lakini je, anasomwa kwa sababu ya sifa alizojiandikia? La hasha. Sifa hizo zimebaki kuwa kichekesho cha kusimuliwa. Mashairi ndiyo yaliyomwokoa, maana wasomaji waliokuja baadaye waliyasoma wakaamua wenyewe. Kama mashairi yangekuwa mabovu, ule uhakiki wa siri usingeyafikisha popote. Na kwa kuwa yalikuwa mazuri, uhakiki huo haukuhitajika. Sasa faida ya kujificha ilikuwa ipi?

Wa pili ni Mwingereza, Anthony Burgess. Mwaka 1963 alikuwa akihakiki riwaya katika gazeti la Yorkshire Post. Wakati huo alikuwa ametoa riwaya yake Inside Mr Enderby kwa jina la kubuni, Joseph Kell. Gazeti likampelekea kitabu hicho akihakiki, naye akakihakiki bila kuwaambia wasomaji kwamba Kell ni yeye. Cha kushangaza ni kwamba hakukipamba. Aliwaonya watu kwamba ni kitabu kichafu. Hata hivyo siri ilipofichuka, alipoteza kazi hiyo gazetini. Kwangu mimi hapa pana funzo. Msomaji hakasirikii sifa peke yake. Anakasirika kwamba aliketishwa mbele ya mtu akidhani ni msomaji mwenzake, kumbe ni mwenye mali. Hata angesema ukweli mtupu, alisema akiwa amevaa kinyago.

Sasa nije kwa wale wasiojificha, lakini wanateka mazungumzo. Hawa tunao wengi, na nitatoa mfano wa hapa kwetu.

Muhula uliopita chama kilitembelewa na mwandishi mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Siku hiyo tulikuwa tukijadili tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo ni kitabu cha kutahiniwa. Mwenzetu mmoja akauliza, "Kwa nini Sara alivumilia ndoa yake na Yona miaka yote hiyo?" Mgeni akatabasamu. "Swali zuri sana. Katika riwaya yangu, sura ya tatu, kuna mwanamke kama huyo." Akaieleza sura ya tatu yote. Mwingine akauliza juu ya jazanda ya bembea. "Hata mimi nimetumia jazanda katika riwaya yangu," akasema, na hapo tukaingia sura ya tano. Kengele ilipolia, sote tulijua bei ya riwaya yake, rangi ya jalada lake, na duka inakopatikana. Lakini Sara wa watu tulimwacha na ugonjwa wake bila hata wa kumpa maji! Wenzetu wawili walinunua, tena si kwa kupenda bali kwa haya, maana mgeni alikuwa amesimama mlangoni akiwa na mfuko wa vitabu. Mpaka leo sijamsikia yeyote akiizungumzia riwaya hiyo. Huenda ni nzuri. Nani atajua, ikiwa hata kuiona kunatuchosha?

Linganisha na mgeni mwingine aliyekuja mwaka uliotangulia, mama mmoja wa makamo. Aliketi nyuma. Kabla hatujaanza alizunguka akisoma mashairi yetu yaliyobandikwa ukutani, akamwuliza mtunzi mmoja kwa nini kituo cha ubeti wa tatu kimebadilika. Hatukujua kwamba ameandika chochote hadi katibu alipomwuliza. Ndipo akasema, "Ndiyo, nina mkusanyiko wa hadithi fupi. Mimi ndiye mtunzi, kwa hivyo msiniamini nikiusifu. Hadithi mbili zinahusu haya mnayojadili. Nyingine pengine hamtazipenda, niliziandikia watu wazima." Basi. Hayo tu. Tukaendelea na mjadala, naye akawa anasikiliza na kuuliza maswali. Alipoondoka alituachia nakala moja kabatini. Nakala hiyo imezunguka mpaka jalada limetoka, na ninajua wanafunzi watatu waliokwenda kununua zao. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama huyu alilishika jembe siku ya kwanza.

Ukitaka ushahidi kwamba mdomo wa msomaji unafika mbali kuliko wa mwandishi, anza na Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki katika kumbukumbu za watu wa mji huo hadi Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya na kuyaandika kabla ya karne hiyo kwisha. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake. Maiti haendi kujitangaza, jamani! Waliomtangaza ni watu waliompenda kiasi cha kukumbuka maneno yake.

Kisha toka pwani uje bara, kwa marehemu Profesa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha mwaka 2025. Akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika kwa Kikuyu, kwenye karatasi za chooni, riwaya ya Caitaani Mũtharaba-Inĩ. Ilipochapishwa mwaka 1980, wachapishaji walitoa nakala 5,000 wakidhani zitachukua miaka kadhaa kuisha. Katika muda wa mwaka mmoja walikuwa wamechapisha nakala 15,000. Nani aliifanyia kampeni? Wasomaji. Familia zilikusanyika jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Hata baani alikuwako msomaji. Alisoma mpaka mahali pa kunoga, kisha glasi yake ikiwa tupu ananyamaza, na watu wanapiga kelele aongezwe kinywaji ili hadithi iendelee! Ni kweli Ngũgĩ alikuwa tayari na jina kubwa. Lakini jina kubwa halimfanyi mtu amnunulie mwenziwe kinywaji ili asikie ukurasa unaofuata.

Sasa nikuulize, habari hizi tunazijuaje? Tunazijua kwa sababu Ngũgĩ mwenyewe alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Naam, alikitaja kitabu chake mwenyewe! Lakini ona vile alivyokitaja. Alisema kwa jina lake. Alikuwa katikati ya hoja kuhusu kuandika kwa lugha zetu, na riwaya ile ilikuwa ushahidi uliohitajika hapo. Na alichosimulia ni yale ambayo wasomaji walifanya nayo. Huyo ni mwamba ngoma aliyevutia ngozi kwake, na ngoma ikalia kwa faida ya kijiji kizima.

Kutokana na hayo, napendekeza chama chetu kiwe na kanuni tano, ziandikwe na zibandikwe kabatini.

Kwanza, mwenye kitabu ajitambulishe. Aseme, "Hiki ni changu." Rafiki na jamaa wa mwandishi nao waseme hivyo hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Na hiyo ni habari ya kwanza anayoihitaji.

Pili, mwandishi awe msomaji kwanza. Asije chamani siku ya kuuza peke yake. Akizungumzia vitabu vya wengine mara tano, hakuna atakayenuna akikitaja chake mara moja.

Tatu, akitaje kinapojibu swali lililoulizwa, kisha arudi kwenye mada. Asimgeuze Sara wa watu kuwa ngazi ya kupandia.

Nne, aeleze kitabu chake badala ya kukisifu. Kinahusu nini, kina kurasa ngapi, kinamfaa nani na hakimfai nani. Yale ya "hujawahi kusoma kama hiki" ni ya msomaji kusema. Na msomaji akisema hakukipenda, mwandishi asianze kubishana naye. Amshukuru, anyamaze, akaandike kingine.

Tano, pasiwe na nisifu nikusifu. Kusifu kitabu cha mwenzako ili naye akisifu chako ni kujaza matatu ya pili kwa abiria wa matatu ya kwanza.

Mwalimu mlezi wa chama alipoyasikia mapendekezo haya aliniuliza, "Na mwandishi maskini atauza wapi?" Ni swali la haki. Mwandishi wetu hana pesa za matangazo ya redio, na vitabu visivyo vya mtihani haviendi haraka madukani. Ndiyo maana nasema tusimfungie mlango. Mwisho wa kila kikao tumpe dakika kumi ziitwazo wazi "za mwenye kitabu", na meza ndogo kando ya mlango. Hapo aseme, auze, atie saini. Anayetaka aende mezani, asiyetaka apite bila kuona haya. Muuzaji akiwa na meza yake hakuna aliyedanganywa.

Nasi wasomaji tuna adabu zetu za kutimiza. Tukimtaka mwandishi asijisifu, basi tusikae na sifa zake vinywani kama pipi. Umesoma kitabu kikakupendeza? Simama chamani useme, na useme kwa nini. Hakikukupendeza? Sema pia, bila matusi. Na tuache kupiga kitabu kizima fotokopi kisha tukamwita mwenye kukiandika mroho. Tukinyamaza sote, tutakuwa tumemlazimisha apige ngoma yake peke yake.

Mimi pia nina daftari langu la mashairi, limefika kurasa arobaini na ushee, na ndoto yangu ni kwamba siku moja litakuwa diwani. Siku hiyo sitajificha. Nitasimama mbele ya wasomaji niseme, "Hii ni yangu, bei yake ni hii, someni mniambie ukweli." Ningependa kukuta chama ambacho neno la mwanachama bado lina thamani, maana mtu wa humo akisema diwani yangu ni nzuri nitajua ni kweli, na mama wa mtu fulani atatoa pesa zake kwa neno hilo bila kujuta.

Kalamu naiweka chini. Mapendekezo nimekwisha kuyakabidhi kwa katibu, na yatapigiwa kura katika mkutano mkuu wa muhula ujao. Mwenye hoja ya kuyapinga aje nayo, uwanja ni wetu sote.